Chema Hakijiuzi: Mwigizaji Hujengwa na Kazi

Ukiuliza mjini Voi, Kaunti ya Taita Taveta, kwa nini mwigizaji mmoja amefika mbali na mwenzake amebaki nyumbani, jibu huwa liko tayari, umuulize mwalimu, mhubiri au kijana wa bodaboda pale stendi. Watakwambia ni kipaji. Mwenye kipaji atajitokeza tu, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyebaki nyumbani hakuwa nacho, au alikuwa nacho akakosa bidii, au Mungu hakumwandikia. Wapo wengine, hasa waliowahi kwenda Nairobi wakarudi mikono mitupu, wanaoapa kwamba kipaji si kitu na mambo yote ni kujuana.

Rai hizi mbili hugombana kila siku, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinamtazama mtu mmoja mmoja: damu yake, juhudi yake, bahati yake, mjomba wake. Hakuna hata moja inayouliza kazi ya uigizaji iko wapi, nani anailipia, na kijana wa Mwatate au Taveta ataifikiaje. Kwa hiyo zote mbili zinawaachia watu wazima nafasi ya kukaa kitako, kwa sababu kama ni kipaji hakuna la kufanya, na kama ni kujuana vilevile hakuna la kufanya.

La kufanya lipo. Mwigizaji hujengwa na kazi: kazi inayorudiwa mara kwa mara, mbele ya watu, yenye malipo hata madogo, na inayodumu miaka ya kutosha hadi makosa yaishe. Penye kazi ya namna hiyo vipaji huonekana vingi. Pasipokuwa nayo, hata kipaji cha kustaajabisha huishia kuwachekesha watu harusini. Taita Taveta ina ushahidi wa jambo hili kuliko kaunti nyingi za Kenya, na ushahidi wenyewe ulianza na simba.

Kila mtoto wa Voi amesikia habari za simba wawili wa Tsavo waliowawinda vibarua wa reli mwaka 1898, hadi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Hollywood imekisimulia kisa hicho zaidi ya mara moja. Bwana Devil ya mwaka 1952, inayokumbukwa kama filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya rangi iliyotumia teknolojia ya 3D, ilipigwa California. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyowashirikisha Val Kilmer na Michael Douglas, sehemu yake kubwa ilipigwa katika hifadhi ya Songimvelo, Afrika Kusini. Sababu ilikuwa kodi. Watayarishaji walipiga hesabu, wakaona Kenya itawagharimu zaidi, wakahamisha Tsavo nzima kuipeleka kusini.

Kwenye filamu hiyo yumo mhusika aitwaye Samuel. Ndiye Mwafrika mwenye maneno mengi kuliko wote, na ndiye anayesimulia kisa kizima. Kwa mantiki ya hadithi, Samuel ni mtu wa huku. Nafasi hiyo ilikwenda kwa John Kani wa Afrika Kusini. Je, mwaka 1995 Kenya nzima ilikosa mtu wa kuigiza mwanamume anayewafahamu watu wa Tsavo? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Kilichoamua ni mahali kamera ziliposimamishwa. Kamera zingesimama Voi, wangehitajika watu wa kuigiza, wa kushona mavazi, wa kubeba taa na wa kupika, na wengi wao wangetafutwa hapohapo. Zilisimama kwingine, na kazi ikawafuata.

Mtetezi wa kipaji atasema Kani alistahili, kwa kuwa ni mwigizaji mkubwa. Ni kweli kabisa. Lakini ukubwa huo ulitoka wapi? Kani alizaliwa mwaka 1943 katika mtaa wa New Brighton, Port Elizabeth, na aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford. Mwaka 1965 alijiunga na kundi la Serpent Players, lililofanya mazoezi na maonyesho mtaani chini ya sheria kali za ubaguzi wa rangi. Mwaka 1972 yeye, Winston Ntshona na Athol Fugard walitunga Sizwe Banzi Is Dead, mchezo uliowafikisha London na New York. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa tuzo ya Tony kwa pamoja. Alipovaa nguo za Samuel alikuwa amekanyaga majukwaa kwa takriban miaka 30. Kipaji alizaliwa nacho, bila shaka, lakini kilipata mahali pa kufanyia kazi juma baada ya juma, kikiwa na wenzake wa kukirekebisha. Kijana wa Voi wa umri wake, mwenye kipaji kilekile, mwaka 1965 alikuwa na mkonge wa kukata na reli ya kufanyia kazi. Jukwaa hakuwa nalo.

Na sasa tumtazame Lupita Nyong'o, maana hakuna mjadala wa uigizaji Kenya unaomalizika bila jina lake kutajwa. Wa kipaji humtaja kama ushahidi wao, na wa kujuana humtaja kama wa kwao pia, kwa kuwa babake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa waziri. Habari yenyewe inapinga pande zote mbili. Lupita alikuwa na umri wa miaka 14 alipoigiza Juliet na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi, kundi lililokuwa na ukumbi wake na lililobadilisha michezo mwaka mzima. Baadaye filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwemo, na Lupita akafanya kazi humo kama msaidizi wa kutumwatumwa. Hapo ndipo alipozungumza na Ralph Fiennes kuhusu uigizaji. Baada ya hapo aliigiza katika tamthilia ya Shuga, akaenda kusoma uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2012, na Machi 2014 akachukua Oscar kwa 12 Years a Slave.

Familia ilimsaidia, na itakuwa uongo kukana. Lakini ilimsaidia kwa njia gani? Haikuwa na shangazi Hollywood wa kumpigia simu. Ilimpa ada, usafiri na muda wa kujifunza bila kulala njaa. Kisha jukwaa lilikuwepo mjini kwao, na filamu kubwa ikaja nchini kwao badala ya kuhamishiwa kwingine kama ile ya simba. Kujuana kwenyewe kulizaliwa kazini: watu walimjua kwa sababu alikuwa mahali watu wa filamu walipokuwa wakifanya kazi. Mwaka 2018 Lupita na John Kani walionekana katika filamu moja, Black Panther. Mmoja alikuwa ameanzia Phoenix, mwingine Serpent Players. Wote wawili walilelewa na makundi.

Anayeamini kwamba kipaji ndicho chanzo cha yote anapaswa kujibu swali hili: kwa nini mastaa hutokea kwa mafungu? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi la Kaole jijini Dar es Salaam lilikuwa na michezo yake katika runinga ya ITV. Humo alitoka Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28 tu, akaombolezwa Afrika Mashariki nzima. Alitoka Vincent Kigosi, anayejulikana kama Ray. Alitoka Blandina Chagula, yaani Johari. Haiwezekani Mungu aliamua kumwaga vipaji vyote vya Tanzania katika kundi moja. Kaole ilikuwa na kipindi cha kujaza, na kipindi hakingojei. Kila juma lazima kuwe na hadithi, lazima mtu alie, lazima mtu achekeshe. Mwigizaji aliyeharibu juma hili alikuwa na juma lijalo la kujirekebisha. Filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa madukani, watu waliokuwa tayari ni wale waliokwisha kuigiza mara nyingi.

Hata kwenye muziki hali ilikuwa hiyohiyo, na mfano uko nyumbani. Fadhili William Mdawida, Mtaita aliyeupeleka wimbo wa Malaika duniani, alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa studio ya Equator Sound ya Nairobi katika miaka ya 1960, pamoja na Daudi Kabaka na Gabriel Omolo. Studio moja na bendi moja ya kazi, majina yote hayo. Taita ilimzaa Fadhili, lakini ilibidi aondoke ili sauti yake ipate kazi.

Turudi sasa Taita Taveta ya leo. Si kweli kwamba vijana wa kaunti hii hawaigizi. Tamasha la kitaifa la drama la shule, lililoanza mwaka 1959, huwafikia kila mwaka kuanzia ngazi za chini hadi za mkoa na taifa. Shule kama Kenyatta Mwatate, Bura, Murray na Dr. Aggrey zimewasimamisha wanafunzi jukwaani kwa vizazi. Kuna michezo, kuna mashairi ya kukariri kwa pamoja, kuna ngoma bunifu na masimulizi. Kwa miaka minne kijana ana mwalimu wa kumwelekeza, ana hadhira, ana tarehe ya kujiandalia, ana wapinzani wa kumtia hofu. Kisha anafanya mtihani wa kidato cha nne, na siku anaporudisha vitabu vya shule, yote hayo yanakatika. Voi haina jumba la maonyesho lenye mchezo mpya kila mwisho wa juma. Katika umri wa miaka 18, wakati mwenziwe wa Kaole alikuwa ndiyo kwanza anaanza, kijana wa Sagalla anakuwa ameshastaafu. Halafu jirani anasema hakuwa na kipaji cha kutosha.

Anayetaka kuona jinsi kazi inavyofundisha na akae nyuma ya bwalo la shule siku ambayo kundi la tamthilia teule linawasili. Waigizaji wanashuka kwenye matatu, mavazi yamo kwenye mabegi, pazia ni kitambaa cheusi kinachofungwa kwenye vyuma vya dirisha. Mchezo ni Bembea ya Maisha wa Timothy Arege. Wanafunzi wamebanana kwenye viti na juu ya meza, na wengi wanaijua hadithi kuliko waigizaji wenyewe, kwa kuwa wataulizwa kwenye mtihani. Yona anaingia akimsemesha Sara. Nyuma kule kikundi cha wavulana kinacheka mahali ambapo hapachekeshi. Mwigizaji mchanga hupandisha sauti ili kuwafunika, na hapo huwa amekwisha: bwalo zima linamzidi kelele. Aliyezoea hufanya kinyume. Ananyamaza, anamtazama Sara bila kusema neno hadi kicheko kiishe chenyewe, kisha anarudi kwa sauti ya chini, na wale wavulana wanalazimika kuinama mbele ili wasikie. Hilo hakuzaliwa nalo. Amelipata katika shule ya tano au ya kumi na tano, asubuhi hapa na alasiri kule, akirudia maneno yaleyale hadi akajua kila pumzi inakwenda wapi.

Hii ni mojawapo ya ajira pana za jukwaani nchini Kenya, na waigizaji wengi walioko runingani walipitia humo. Mengi ya makundi hayo hutoka Nairobi na Mombasa. Hufika Voi, hupokea kiingilio cha wanafunzi wa Voi, huondoka. Shule ni za hapa, hadhira ni ya hapa, pesa ni za wazazi wa hapa, na vijana waliong'ara kwenye tamasha la drama mwaka uliopita wamekaa nyumbani wakitafuta vibarua. Hapo hakuna siri yoyote ya kipaji. Hakuna mtu aliyewakusanya vijana kumi kati ya hao, akawapa mwelekezi na gari, akawaandikia walimu wakuu barua mapema.

Ushauri ambao vijana hao hupewa ni mmoja: nenda Nairobi. Ushauri huo una filamu yake. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoelekezwa na David Tosh Gitonga, kijana Mwas anaacha kijiji ili akawe mwigizaji, na siku ileile ya kufika anaporwa kila kitu. Joseph Wairimu, aliyemwigiza, alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo. Watu wengi huitazama filamu hiyo kama hadithi ya kijana asiyekata tamaa. Ni vyema wakatazama pia jinsi ilivyotengenezwa. Ilitokana na mradi wa One Fine Day wa Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, uliowaleta pamoja vijana wa Afrika kujifunza na kutengeneza filamu halisi, moja baada ya nyingine: Soul Boy, Something Necessary, Veve, Kati Kati, Supa Modo. Tena tunarudi palepale, kwenye karakana inayofanya kazi mfululizo.

Tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express humfikisha kijana wa Voi Nairobi kwa saa chache. Nauli si tatizo kubwa. Tatizo ni miezi inayofuata. Odisheni hutangazwa leo na hufanyika kesho kutwa, mara nyingi bila malipo, na anayeitwa mara ya pili huambiwa asubiri simu. Mwenyeji wa Nairobi anaweza kusubiri simu akiwa kwa mamake. Kijana wa Taita anaisubiri akiwa na kodi ya chumba, na baada ya miezi sita anachukua kazi ya ulinzi ya usiku, kisha odisheni ya asubuhi inamkuta amelala. Wale waliobaki hadi simu ikalia wanaitwa wenye bidii. Wengi wao walikuwa na mahali pa kulala.

Kuna wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi simu ya mkononi inatosha. Simu imefungua mlango, hilo halipingwi. Lakini hata huko, tazama waliodumu. Kennedy Odhiambo, yaani Crazy Kennar, alianza na kundi la wanafunzi wenzake katika chuo cha JKUAT, wakiandika, wakiigiza na kupiga video pamoja kila mara. Chuo kiliwapa kile ambacho Kaole iliwapa Watanzania: wenzao walio karibu, na muda. Kijana mmoja na simu yake Kishushe anaweza kupata watazamaji siku moja. Ili awapate kwa miaka mitano anahitaji wenzake.

Na umaarufu peke yake si mafanikio. Mwaka 2021 Wakenya walishtuka Joseph Kinuthia, Omosh wa kipindi cha Tahidi High, alipojitokeza kuomba msaada hadharani. Alikuwa na kipaji, nchi nzima ilimjua, alikuwa ameonekana runingani kwa miaka mingi. Kama kipaji na sura inayojulikana vingetosha, asingefika hapo. Mwigizaji anahitaji kazi inayofuata, na anahitaji mkataba unaosema atalipwa nini kipindi kikirudiwa. Haya ni mambo ya sheria, vyama na bajeti. Hakuna kiasi cha machozi jukwaani kinachoyafidia.

Ndiyo maana lawama na matumaini vinapaswa kuhama kutoka kwa kijana kwenda kwa wenye uwezo wa kuzalisha kazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, burudani ya umma na sinema. Kwa hiyo suala la jukwaa la Voi halisubiri Nairobi. Liko mikononi mwa serikali ya kaunti iliyoko Mwatate. Haihitajiki kujenga kasri. Ukumbi mmoja wa umma wenye taa, unaofunguliwa kila mwisho wa juma, na kundi moja la kaunti linalolipwa posho kuzunguka shule za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta na tamthilia teule, vingetosha kuanzia. Wateja wa kundi hilo tayari wapo na tayari wanalipa.

Redio ipo pia. Mwanedu FM inatangaza kutoka Voi, na mchezo wa redio ni kazi ya bei nafuu kuliko zote: chumba, kipaza sauti, watu wanne na mwandishi. Runinga nayo imegeukia Kiswahili. Maria, Zora na Sultana, zilizotengenezwa na kampuni ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla kwa ajili ya Citizen TV, zimeonyesha kwamba tamthilia za Kiswahili zinaweza kushika watazamaji kila jioni, na kanuni za utangazaji zinavitaka vituo viwe na angalau asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini. Soko lipo. Waigizaji watakaoingia humo watakuwa wale waliokwisha kufanya mazoezi, si wale waliongojea kuonwa. Na siku mtayarishaji mwingine atakapotaka kusimulia habari za Tsavo, Kaunti ya Taita Taveta na Tume ya Filamu ya Kenya ziwe na jibu la mapema kuhusu ada, vibali na watu walioko tayari, ili asiwe na sababu ya kupanda ndege kwenda kusini.

Kwa hiyo mzazi wa Wundanyi anayemwambia bintiye kwamba akiwa na kipaji kitajitokeza tu, na amwambie pia aende kwenye kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti akiwa na wenzake tisa waliomaliza shule pamoja, wakiwa na orodha ya shule, gharama ya gari na tarehe ya onyesho la kwanza. Mwalimu wa drama aliyewafikisha mkoani awasindikize. Na diwani atakayewajibu kwamba sanaa ni kipaji cha mtu binafsi aulizwe mbele ya wananchi, kwa upole na bila kuachiwa: mwaka huu, kaunti imetenga shilingi ngapi za kukipa kipaji hicho kazi?